Majani, mizizi na maganda: je, vyatosha kumkuza nguruwe?

Bei ya mahindi na soya inapopanda, wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki hugeukia marando ya viazi, majani ya muhogo, maganda ya ndizi na magugu ya kando ya mto. Wataalamu wa lishe ya mifugo wanasema baadhi ya mimea hiyo ina thamani kubwa. Lakini nguruwe anayekua ana mahitaji makali, na chakula kinachoonekana kuwa cha bure huweza kumgharimu mwenyewe kuliko kile cha dukani.

Katika vijiji vingi vya Uganda, magharibi mwa Kenya na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, nguruwe ni akiba ya mtu asiye na akaunti ya benki. Hununuliwa akiwa mdogo, hufugwa nyuma ya nyumba, na huuzwa siku karo ya shule inapodaiwa au mgonjwa anapohitaji kufikishwa hospitali. Sensa ya mifugo ya Uganda ya mwaka 2008 ilihesabu nguruwe milioni 3.2, sensa ya mwaka 2021 ilihesabu milioni 7.1. Wengi wao wamo mikononi mwa wafugaji wadogo wenye nguruwe wachache tu.

Mara nyingi mtaji wa kuanzia hutoka mbali. Ndugu aliye London, Doha au Minnesota hutuma fedha za kujenga banda na kununua vitoto sita, kisha baada ya miezi michache huletewa ujumbe ambao jamaa wengi wa ughaibuni wanaujua: banda limesimama, nguruwe wapo, ila fedha za chakula zimekwisha.

Ujumbe huo si lazima uwe wa ulaghai. Katika ufugaji wa nguruwe, chakula humeza asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote, na pengine zaidi. Isitoshe, mahindi anayolishwa nguruwe ndiyo yanayosagwa kupata unga wa ugali, na mvua ikikosekana mnyama na mwenye mnyama hugombea gunia moja. Hapo ndipo swali la majani, mizizi na maganda linapozuka, na jibu lake linaanzia tumboni mwa nguruwe mwenyewe.

Tumbo moja

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hucheua. Tumbo lao lina vyumba vinne, na katika chumba kikubwa kuliko vyote wamo vijidudu visivyohesabika ambavyo huvunja nyuzinyuzi za majani na kuzigeuza kuwa nishati na protini. Nguruwe hana neema hiyo. Yeye ana tumbo moja, kama binadamu. Nyuzinyuzi humpitia karibu zilivyo hadi utumbo mpana, na ni huko mwishoni ambako bakteria huzichachua na kumpatia sehemu tu ya nishati iliyomo.

Umri nao una neno lake. Nguruwe jike aliyekomaa ana utumbo mpana mkubwa, na chakula humkalia muda mrefu zaidi, kwa hiyo hufaidi majani kuliko mtoto aliyeachishwa kunyonya juzi. Ndiyo maana mfugaji mmoja husema majani yamemfaa na jirani yake akasema yamemtia hasara, na wote wawili wakawa wamesema kweli: wa kwanza aliwalisha majike wenye mimba, wa pili aliwalisha vitoto.

Kuna jambo la pili. Mwili haujengi nyama kwa protini kwa jumla, bali kwa asidi amino, yaani chembe ndogo zinazounda protini, na kila moja yahitajika kwa kipimo chake. Ile inayopungua mapema kuliko zote katika nafaka inaitwa laisini. Mahindi yana protini ya asilimia 8 hadi 9, lakini katika kila gramu 100 za mahindi laisini haizidi sana robo ya gramu. Kwa mujibu wa vipimo vilivyotolewa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 2012, nguruwe wa kilo 25 hadi 50 anayekua kwa kasi anahitaji karibu gramu moja ya laisini inayomeng'enyeka katika kila gramu 100 za chakula. Mahindi matupu, basi, hayampatii hata robo ya kile anachohitaji.

Fundi mwenye matofali elfu moja na mfuko mmoja wa saruji hawezi kujenga ukuta wa matofali elfu moja. Atajenga kadiri ya saruji yake, na matofali mengine yatabaki chini. Ndivyo ilivyo kwa laisini: protini nyingine ikizidi huku laisini ikikosekana, ile ya ziada haigeuki nyama. Mwili huivunja, na sehemu yake hutoka katika mkojo.

Hesabu ya marando

Marando ya viazi vitamu ni mfano mzuri, kwa kuwa yapatikana karibu kila mahali na wengi huyatupa baada ya kuchimba viazi. Vitabu vya lishe huyapa protini ya asilimia 15 hadi 20, na anayesoma hapo akaishia hapo hufurahi, maana kiwango hicho ni mara mbili ya kile cha mahindi. Lakini asilimia hizo hupimwa baada ya maji kuondolewa. Marando mabichi ni maji kwa takriban asilimia 87.

Tuchukue nguruwe wa kilo 30 anayepaswa kula kilo moja na nusu ya chakula kikavu kwa siku, chenye protini ya asilimia 16. Hiyo ni gramu 240 za protini. Kilo moja ya marando mabichi, maji yakishatolewa, hubakiza gramu 130 tu, na ndani yake protini ni kama gramu 23. Ili apate gramu 240 kutoka kwa marando peke yake, nguruwe huyo angelazimika kula zaidi ya kilo 10 kila siku, yaani theluthi moja ya uzito wake mwenyewe. Hawezi. Tumbo litajaa kabla ya mwili kutosheka, na mfugaji atamwona amelala ameshiba huku mbavu zikihesabika.

Hata hivyo, hesabu hiyohiyo ina upande mwingine. Nguruwe huyo akipewa kilo mbili za marando kwa siku, hupata kama gramu 47 za protini, karibu sehemu ya tano ya mahitaji yake. Si protini yote hiyo atakayoimeng'enya, kwani nyuzinyuzi huzuia sehemu yake, lakini laisini ya majani mabichi ni bora kuliko ya nafaka. Kwa kipimo hicho marando hupunguza matumizi ya mashudu au dagaa, mradi kile kinachobaki katika chakula kiwe na nishati ya kutosha. Marando yakianikwa kidogo yanyauke, maji hupungua, na nguruwe huweza kula zaidi.

Kipimo hiki chaweza kutumika kwa kila mmea. Mchicha, majani ya mlonge, azola na lemna, ile mimea midogo ya kijani inayoelea juu ya maji yaliyotulia, yote hutajwa kuwa na protini nyingi ikiwa mikavu, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini lemna mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na shina la mgomba, ambalo wengi hulikatakata na kulimwaga bandani, ni maji, nyuzinyuzi na kitu kidogo kingine. Shina hilo hutuliza njaa na kiu, lakini halileti uzito. Maganda ya ndizi ni afadhali kwa kuwa yana wanga, ila protini yake ni haba.

Muhogo: nishati tele, protini haba

Kwa upande wa nishati, mmea unaoweza kushindana na mahindi ni muhogo. Unga wa mizizi yake iliyokaushwa vizuri una wanga mwingi unaomeng'enyeka kwa urahisi, na nguvu anayoipata nguruwe hukaribia ile ya mahindi. Tatizo ni protini, kwani muhogo mkavu una asilimia 2 au 3 tu.

Wengi hujikwaa hapa bila kujua. Mfugaji akiwa na mchanganyiko wa kilo 100 wenye protini ya asilimia 16, akatoa humo kilo 50 za mahindi na kutia kilo 50 za muhogo, huwa ametoa kama kilo 4 na robo za protini na kurudisha kilo moja na robo. Zimepotea kilo tatu, na chakula kimeshuka hadi asilimia 13. Gunia limekuwa rahisi, lakini ukuaji umepungua, na miezi miwili baadaye lawama humwendea aliyeuza vitoto, kwamba mbegu yake ni mbaya.

Dawa ya upungufu huo yaweza kutoka katika mmea uleule. Majani ya muhogo, kisamvu kwa Watanzania na sombe kwa Wakongo, yana protini ya asilimia 20 hadi 30 yakiwa makavu. Mizizi huleta nishati na majani huleta protini. Pamoja na hayo, majani hayo yana upungufu wa methionini, asidi amino yenye salfa, tena yana nyuzinyuzi nyingi. Kwa nguruwe wanaokua, unga wa majani ya muhogo hutumiwa kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya chakula kikavu, na mashudu ya soya, ya alizeti au dagaa hukamilisha kilichobaki.

Sumu zilizojificha

Muhogo una kinga yake dhidi ya walaji. Ndani ya chembe za majani na mizizi imo dutu iitwayo linamarini, na kando yake, katika sehemu iliyotengwa, kimo kimeng'enya kinachoivunja. Jani likitafunwa au kupondwa, viwili hivyo hukutana na sianidi hutoka. Mnyama aliyekula kwa wingi majani mabichi ya muhogo mchungu huweza kufa muda mfupi baadaye.

Kinachomwua mlaji ndicho pia kinachomwokoa akijua kukitumia. Majani yakikatwakatwa na kupondwa kabla ya kuliwa, sianidi hutoka mapema, na kwa kuwa huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, hupeperuka hewani. Yakitandazwa juani kwa unene mdogo hadi yakauke na kuvunjika mkononi, sehemu kubwa ya sumu huwa imekwenda. Mabaki madogo mwili huyashughulikia kwa kutumia salfa inayotoka katika asidi amino, ileile methionini ambayo majani hayo yana upungufu nayo. Kwa hiyo nguruwe anayelishwa muhogo ambao haukuandaliwa vyema, bila protini nyingine, hudhurika mara mbili. Binadamu hana kinga ya pekee: ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, unaojulikana sana katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufungamana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri na upungufu wa asidi amino hizohizo.

Lukina, mti unaopandwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, nao una siri yake. Majani yake yana protini nyingi, lakini yana dutu iitwayo mimosini, ambayo hunyonyoa manyoya, huvuruga tezi ya shingo na kudhuru uzazi. Huko Hawaii mbuzi waligunduliwa kuwa na bakteria tumboni wanaoivunja sumu hiyo, na katika miaka ya 1980 bakteria hao walipelekwa Australia kuwasaidia ng'ombe. Nguruwe hana chumba cha kuwahifadhi wadudu kama hao. Kwake lukina kavu isizidi asilimia 5 hadi 10 ya chakula, na majike wenye mimba ni heri wasipewe kabisa.

Orodha haiishii hapo. Majimbi na majani yake yana fuwele za oksalati zinazowasha mdomo na koo, na huhitaji kuchemshwa au kuvundikwa. Soya mbichi na viazi vitamu vibichi vina vizuizi vinavyozuia umeng'enyaji wa protini. Soya hukaangwa au kuchemshwa, viazi huchemshwa. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ambayo ng'ombe mzima huistahimili kuliko nguruwe. Kwa ufupi, kwamba mbuzi amekula mmea fulani na kuimarika si ushahidi kwamba nguruwe naye utamfaa.

Kuvundika ili kuokoa

Adui mwingine wa malisho ya bure ni majira. Wakati wa kuvuna viazi, marando hujaa shambani hadi yaoze. Miezi mitatu baadaye hayapatikani hata kwa fedha. Wakulima wa Vietnam na wa jimbo la Sichuan nchini China, ambako viazi vitamu na nguruwe vimekwenda pamoja kwa muda mrefu, huyahifadhi kwa kuyavundika. Katikati ya miaka ya 2010, Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, chenye makao yake Lima, Peru, pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, vilishirikiana na wafugaji wa wilaya za Masaka na Kamuli nchini Uganda kuendeleza njia hiyo.

Kazi yenyewe haihitaji mashine kubwa. Marando hukatwa vipande vifupi na kuachwa yanyauke kwa siku moja. Huchanganywa na kitu chenye wanga, kwa mfano unga wa muhogo au pumba za mahindi, kwa kiasi cha kilo 5 hadi 10 kwa kila kilo 100, pamoja na nusu kilo ya chumvi. Kisha hushindiliwa kwa nguvu katika mfuko mzito wa plastiki hadi hewa itoke, na mfuko hufungwa kabisa. Bakteria wasiohitaji hewa hugeuza sukari kuwa asidi ya laktiki, ileile inayogandisha maziwa kuwa mtindi, na asidi hiyo huzuia uozo. Baada ya wiki tatu au nne sileji huwa tayari. Ikiwa nzuri hunukia uchachu wa kupendeza. Ikiwa na ukungu au harufu ya kuoza, hewa iliingia, na haifai kuliwa.

Kuvundika kuna faida ya ziada, kwani hupunguza sianidi katika majani ya muhogo na makali ya majimbi. Lakini hakuongezi protini ambayo haikuwemo.

Njaa ya kiangazi na afya ya binadamu

Umuhimu wa malisho hayo hauishii mfukoni mwa mfugaji. Chakula kinapokwisha, wengi huwafungulia nguruwe wajitafutie wenyewe. Nguruwe anayezurura mahali pasipo vyoo vya kutosha hula kinyesi cha binadamu, humeza mayai ya tegu, na nyama yake hujaa malengelenge. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu, na mayai ya tegu huyo yakimezwa na mtu, viluwiluwi vyake huweza kukaa katika ubongo. Hiyo ni mojawapo ya sababu kuu za kifafa zinazoweza kuzuilika katika nchi zenye ugonjwa huo. Kwa hiyo mfuko wa sileji unaomwezesha mfugaji kumweka nguruwe bandani miezi ya kiangazi humlinda pia mtoto wa jirani.

Mabaki ya jikoni na hotelini nayo yanahitaji hadhari. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Eustace Montgomery mwaka 1921 kutokana na uchunguzi wake nchini Kenya, haina tiba na huweza kumaliza banda zima katika siku chache. Virusi vyake huishi muda mrefu ndani ya nyama, na mabaki yenye vipande vya nyama ya nguruwe huvisafirisha. Mimea haina hatari hiyo. Mabaki, ikibidi yatumike na sheria ikiruhusu, lazima yachemshwe vya kutosha.

Mizani ndiyo hakimu

Yote hayo hurejea kwenye swali moja: nguruwe anaongezeka uzito kiasi gani kwa siku? Watafiti waliopima nguruwe wa kienyeji magharibi mwa Kenya, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013, waliona ongezeko la zaidi kidogo ya gramu 100 kwa siku. Kwa mwendo wa gramu 110, nguruwe wa kilo 20 atafikia kilo 80 baada ya siku 545, yaani mwaka mmoja na nusu. Kwa gramu 400, ambazo si nyingi kwa chakula kilichosawazishwa, atafika kwa siku 150. Tena nguruwe wa kilo 30 hutumia karibu nusu kilo ya chakula kizuri kila siku kwa kupumua, kutembea na kutunza joto la mwili tu, kabla hajaongeza hata gramu moja. Kila siku ya kuchelewa ina gharama yake, hata kama majani ni ya bure.

Asiye na mizani aweza kutumia futi ya fundi cherehani. Hupimwa mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi mzizi wa mkia, vyote kwa mita. Mzunguko huzidishwa kwa wenyewe, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3, na jibu ni makadirio ya kilo. Kifua cha sentimita 70 na urefu wa sentimita 80 ni kama kilo 27. Baada ya wiki mbili, kifua kikiwa 74 na urefu 83, nguruwe amefika kilo 31 na nusu, yaani ameongeza takriban gramu 300 kwa siku. Vipimo visiposogea, mfugaji anajua kwamba majani yamezidi au protini imepungua, na anajua mapema angali na nafasi ya kurekebisha.

Kwa yule anayetuma fedha kutoka ng'ambo, namba hizo mbili kila baada ya wiki mbili zina habari kuliko picha kumi za banda jipya. Na kabla ya kununua vitoto sita, kuna maswali ya kuuliza nyumbani: marando na muhogo vipo ekari ngapi? Nani atayakata na kuyakausha? Protini itakayoziba pengo itanunuliwa wapi, na kwa fedha gani? Pengine jibu likawa kwamba shamba lililopo linatosha nguruwe wawili tu.

Wafugaji wa Tanzania wana msemo kwamba ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Nguruwe naye hanenepi wiki karo inapodaiwa. Huongezeka gramu baada ya gramu, na gramu hizo hutoka katika kile alichokula, kikiwa kimepimwa, kimeandaliwa na kusawazishwa.